Jinsi ubao wa futi 12 ulivyonisomesha historia

Kwa miaka mingi vitabu vya historia vilinishinda. Mimi ni seremala mwenye karakana ndogo Majengo, Moshi, na mpwa wangu kila anapokuja likizo huniachia kitabu kimoja au viwili, vingi vikiwa vimeandikwa miaka ya karibuni kuhusu maisha ya watu wa kawaida wa zamani: walichokula, walivyolipwa, walivyozikana. Nilikuwa nikivianza ukurasa wa kwanza kwa Kiingereza changu cha shule, na nikifika ukurasa wa arobaini wafalme wote wamekwisha kunichanganya. Miaka ya kabla ya Kristo ndiyo iliyonitesa zaidi, kwa sababu huhesabiwa kinyumenyume.

Siku moja nilianzia nyuma ya kitabu, kwenye faharasa, nikatafuta mafundi. Nilijikuta Deir el-Medina, kijiji cha Misri walikoishi mafundi waliochonga na kupamba makaburi ya wafalme. Hapo nilikutana na daftari la mahudhurio. Si daftari la karatasi, bali kipande cha jiwe la chokaa, ambacho sasa kimehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Kina majina ya mafundi 40 na kinafuatilia siku 280 za mwaka wa 40 wa utawala wa Ramesses II, yaani karibu mwaka 1250 kabla ya Kristo. Juu ya siku ambazo fundi hakufika, mwandishi ameandika sababu kwa wino mwekundu: huyu anaumwa macho, huyu ameumwa na nge, huyu anashughulikia maiti ya mamaye, na huyu anapika pombe.

Niliwasomea vijana wangu wa karakana wakati wa chai. Mmoja wao, ambaye Jumatatu yake huwa haieleweki, aliuliza, "Mzee, na hao bosi wao aliandika tu pombe, akanyamaza?" Nilimwonyesha daftari langu, ambalo lina jina lake mara nne na neno mbege, pombe yetu ya ndizi, pembeni. Tangu siku hiyo kila kitabu ninakiingia kupitia jambo ninalolijua kwa mikono yangu, kisha ndipo ninarudi kwa wafalme, kama bado nina hamu nao.

Tatizo la miaka lilibaki. Nilichukua ubao wa msonobari wa futi 12, nikaupiga randa, nikaamua kwamba sentimita moja iwe miaka kumi. Mwisho wa kulia ni leo. Uhuru wa Tanganyika wa 1961 ukakaa kwenye sentimita ya 6 na kitu, na reli iliyofika Moshi mwaka 1911 ikakaa kwenye ya 11. Mlima wa volkano wa Vesuvius ulioufukia mji wa Pompeii, Italia, mwaka 79 ulikuwa karibu na sentimita ya 195, na jiwe langu la Misri likaangukia kwenye ya 327, likabakiza nafasi ndogo tu ya ubao. Çatalhöyük, makazi ya kale ya Uturuki ambako watu waliingia nyumbani kupitia darini na kuzika wafu wao chini ya sakafu, yaligoma kuingia: yanaanza karibu miaka 9,000 iliyopita, na nilipovuta futikamba nilitoka nje ya mlango hadi kwenye mtaro.

Faida kubwa niliiona kwenye sentimita ya 69. Hapo nilikuwa nimeweka mwaka 1331, msafiri wa Morocco Ibn Battuta alipofika Kilwa. Mogadishu, alikopita kabla, alikaribishwa wali wa samli na ndizi mbichi zilizochemshwa kwa maziwa; mke wangu alipousikia mlo huo alisema, "Huo ni mtori usio na nyama." Kidogo tu kuelekea leo, chini ya sentimita mbili, ilikuwepo alama ya tauni kubwa ya 1348, niliyoitoa katika kitabu kingine kabisa kinachohusu Ulaya. Nilipofuatilia nikakuta kwamba tauni hiyo Ibn Battuta mwenyewe aliishuhudia Dameski. Mtu yule yule! Vitabu viwili nilivyovisoma kama dunia mbili vilikuwa vimepishana kwa upana wa kidole gumba.

Ubao uliniumbulia pia kasoro moja. Kitabu kimoja kinachojiita cha dunia nzima hakikutupatia sisi wa huku hata mstari. Engaruka, makazi ya kale ya wakulima yenye matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia iliyotumika kati ya karne ya 15 na ya 18, niliiongeza mwenyewe, kwani kutoka Arusha si mbali.

Kisha yule kijana wa Jumatatu akauliza mfongo wa ukoo wao, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, kule mlimani, unakaa wapi kwenye ubao. Tulikwenda kwa babu yake na kumwamkia, naye akatutajia majina saba, kuanzia baba yake hadi aliyeuchimba. Tulikadiria miaka 25 kwa kila mmoja, tukachora kwa penseli alama pana ya kiganja kizima kuzunguka sentimita ya 20. Wiki mbili baadaye mzee alipiga simu: alikuwa amemsahau mmoja. Tumeisogeza alama sentimita mbili na nusu kushoto.