Somo Yangu wa Abeokuta

Kituo nilichoshukia, Abeokuta nchini Nigeria, kinaitwa Wole Soyinka. Kabla yake tulipita Papalanto, kituo cha Funmilayo Ransome-Kuti, na abiria waliobaki behewani walikuwa wanaendelea hadi Ibadan, kituo cha Obafemi Awolowo. Reli hii mpya ya kilomita 157 ilianza kubeba abiria mwaka 2021, na ukiipanda kutoka Lagos ni kama unaitiwa wakubwa wa Wayoruba kwa majina, mmoja baada ya mwingine. Nami nilikuwa naenda kwenye shughuli ya kumpa mtoto jina. Nikakaa dirishani, nikawa nayasoma mabango kwa sauti ya chini nijizoeze kuyatamka.

Nilikuwa Lagos kikazi. Rafiki yangu niliyesoma naye, tukalala chumba kimoja miaka miwili, alinipigia simu kuniambia kwamba amejifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji. Mtoto alikuwa hajageuka. Kichwa juu, miguu ndiyo iliyoelekea njiani. "Alikaa kama ulivyokaa wewe," akaniambia. "Siku ya nane tunampa jina. Usiponijia sikusamehi."

Anazijua habari zangu. Naitwa Kashindye. Kwetu Usukumani, na kwa jirani zetu Wanyamwezi, jina hilo halichaguliwi. Hupewa mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza miguu, kama vile pacha wa kwanza alivyo Kulwa, wa pili Doto, na anayezaliwa baada yao Shija. Mimi nilizaliwa kijijini, mkoa wa Shinyanga, usiku, na aliyenipokea ni bibi yangu. Alichokiona kwanza ni kisigino. Mpaka uzeeni kwake, kila nikikaa naye mkekani, alikuwa akinishika kisigino cha kushoto na kusema, "Hiki nilikijua kabla ya uso wako."

Jirani yangu kwenye treni, mama wa makamo mwenye kilemba kirefu cha buluu, aliniuliza jina langu. Nilipomwambia alishtuka.

"Kashimawo?"

Nikamwambia hapana, Kashindye. Akacheka, kisha akanieleza sababu ya kusikia vile. Kashimawo ni jina la Kiyoruba lenye maana ya "hebu tuendelee kumtazama kwanza", na mwenye jina hilo anayejulikana kuliko wote ni Moshood Kashimawo Olawale Abiola, mzaliwa wa Abeokuta, aliyeshinda uchaguzi wa rais wa Nigeria wa Juni 12, 1993 na matokeo yake yakafutwa. Alizaliwa 1937 akiwa mtoto wa 23 wa baba yake, na wa kwanza kupona. Wazazi waliokwisha kuzika kiasi hicho hawakuthubutu kumpa jina la furaha. Walimpa jina la kungoja. Nilinyamaza kidogo. Nimekua na watu wanaoitwa Shida, Tabu na Sikujua, na najua kwamba nyuma ya majina kama hayo aghalabu kuna kaburi dogo au mama aliyelia.

Nikamweleza na langu, habari za miguu. Yule mama akapiga makofi hadi watu wa kiti cha mbele wakageuka. "Basi wewe ni Ige!"

Ìgè, huandikwa hivyo kwa alama zake, silabi zote mbili zikishuka. Limo katika kundi wanaloliita àmútọ̀runwá, majina ambayo mtoto huja nayo kutoka mbinguni. Mzazi hana la kuamua; mwili wa mtoto ndio uliosema. Mapacha ni Taiwo na Kehinde, atakayewafuata ni Idowu, na baada yake Alaba. Aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni ni Ojo akiwa mvulana, Aina akiwa msichana. Mwenye nywele zilizosokotana tangu tumboni ni Dada. Aliyetoka kifudifudi ni Ajayi, na hapo nikamkumbuka Samuel Ajayi Crowther, yule mtoto aliyetekwa na wauza watumwa mwaka 1821, akaja kuwa askofu wa kwanza Mwafrika wa Kanisa la Anglikana mwaka 1864. Wazungu walimwongezea majina mengine mawili, lakini lile la namna alivyotoka tumboni alibaki nalo hadi kufa kwake.

Kutoka kituoni nilipanda pikipiki. Abeokuta maana yake ni "chini ya mwamba". Waegba, tawi la Wayoruba, walikimbilia hapa mwaka 1830 wakitoroka vita, wakajibanza kwenye mapango ya mwamba wa Olumo, na mwamba huo bado umeusimamia mji. Niliuona ghafla, mweusi, nyumba zimeukumbatia, na kwa mtu aliyekulia karibu na mawe ya Usukumani moyo ulitulia palepale.

Nyumbani nilimkuta mama mzazi wa rafiki yangu ameketi barazani. Nilipiga magoti. Sikufundishwa na mtu. Ndivyo tunavyowasalimia wakubwa kwetu, na ndivyo wanawake wa Kiyoruba wanavyosalimia. Alinishika bega, akaniambia, "Ẹ kú ìrìn," pole ya mwendo. Wana salamu ya kila jambo, hata ya kutembea tu. Kisha nikawekewa chakula, na hapo nusura nilie. Láfún, ugali mweupe wa unga wa muhogo uliovundikwa, na ewédú inayovutika kidoleni. Huo ni udaga na mlenda! Nilikula kwa mkono, kimya, hadi nikaisafisha sahani.

Usiku ndipo ubishi ulipozuka. Mume wa rafiki yangu alikuwa na majina yake tayari, yote yakianza na Mungu, kama ilivyo kwa watoto wengi wa siku hizi. Mama mkwe wake, yule niliyemkuta barazani, akasema hayo ni mazuri, yatiwe yote, lakini mtoto ni Ige, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Mume akajibu kwa heshima kwamba Ige siku hizi ni jina la ukoo. Hilo ni kweli. Tangu shule na ofisi zilipodai jina la baba, Ige wa kale wamegeuka kuwa majina ya mwisho ya wajukuu wao; Bola Ige, gavana wa Oyo tangu 1979 na baadaye waziri wa sheria, aliyeuawa nyumbani kwake Ibadan Desemba 2001, ndiye Ige ambaye watu wengi humtaja. Mtoto mchanga mwenye jina hilo kama jina lake la kwanza ni wa kutafuta kwa tochi.

Na ipo sababu nyingine, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Watoto wasiogeuka ni kama watatu au wanne katika kila mia wanaotimiza miezi. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa uliowafanya madaktari wa nchi nyingi wawatoe watoto hao kwa upasuaji, na wengi wameokoka kwa njia hiyo. Siombi wanawake warudi kwenye hatari aliyoipitia mama yangu. Lakini jina lililokuwa likitunza kumbukumbu ya tukio hilo linabaki bila tukio. Mume aliligusa hilo hilo: "Mama, hakutanguliza miguu. Alitolewa na daktari."

Rafiki yangu alikuwa amejilaza kwenye kochi, mkono juu ya kidonda. Akasema taratibu kwamba yeye alikuwa macho muda wote, sindano ilikuwa ya mgongoni, na alimsikia daktari akimwambia mwenzake kwamba ameishika miguu. Hata kwenye upasuaji, mtoto aliyekaa hivyo hutolewa kuanzia chini. Kichwa ndicho kilichotoka mwisho.

Mama mkwe hakusema neno. Aliinuka akaenda kulala.

Saa moja asubuhi tulikuwa uani. Mezani palikuwa na bakuli la maji, asali, chumvi, mawese, mbegu za kola, kola chungu na pilipili ya atare. Vyote alionjeshwa mtoto, kwa kidole, kidogo mno, na kila kimoja kiliombewa dua yake. Kisha wakubwa wakaanza kupita, kila mmoja akitia noti bakulini na kumpa mtoto jina lake. Baba akatia ya kwake. Mama mkwe alipofika aliweka noti, akafunua kanga ya mtoto upande wa miguu, akasema, "Ìgè." Uwanja mzima ukaitikia.

Sikujua kwamba na mimi nitaitwa. Nilitia pesa yangu, nikamshika mtoto kisigino, kilikuwa na joto na laini kama ndizi iliyoiva, nikasema, "Kashindye." Rafiki yangu akawatafsiria maana yake. Wazee waliitikia kwa sauti kubwa kuliko mwanzo.

Wapiga ngoma walikwisha kusikia harufu ya sherehe wakaingia getini bila kualikwa. Ngoma yao wanaibana kwapani, kamba zikikazwa sauti inapanda, zikilegezwa inashuka, na kwa kuwa Kiyoruba ni lugha ya kupanda na kushuka, ngoma inatamka maneno. Mmoja alisimama mbele ya mtoto akapiga mapigo manne ya chini na la tano juu: Ìgè Àdùbí. Hiyo ndiyo sifa inayofuatana na jina hilo tangu zamani, yule ambaye kuzaliwa kwake kulipiganiwa. Akarudia, akarudia, mama mkwe akicheza kwa kuinama chini, akinibandikia noti kwenye paji la uso.

Kisha mpiga ngoma akanigeukia, akaniuliza jina langu. Nikamwambia. Akainamisha sikio, akajaribu, akakosea, akatikisa kichwa. Akanitaka niliseme tena, polepole.