Faili la matunzo hukwama kati ya meza na meza
Wenzangu tunaoshughulikia mashauri ya matunzo ya watoto (pesa anazolipa mzazi asiyeishi na mtoto), kabla ya kudai mfumo mpya, chukueni mafaili 10 yaliyochelewa. Mapokezi, mwanasheria na mhasibu wakae pamoja, waandike tarehe faili lilipoingia na kutoka kila meza. Mara nyingi siku hazipotei kwenye kazi yenyewe, zinapotea faili likisubiri kuchukuliwa.

Kosa linaloniuma zaidi: namba ya kitambulisho cha mzazi mlipaji kukosewa tarakimu moja pale mapokezi. Mwajiri wake anakata matunzo kwenye mshahara, anatuma, lakini hela hazioani na shauri lolote. Zinalala huku mtoto akisubiri! Mapokezi hawajui, maana anayeliona ni mhasibu. Basi kila Ijumaa awapelekee orodha ya malipo yasiyo na mwenyewe, wasahihishe siku hiyo hiyo.