Mstari Nilioruka

Baba alifariki akiwa na miaka 56, alfajiri moja, akiwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Moyo. Kwa hiyo mwaka 2018, kaka yangu anayeuza samaki pale Deep Sea, Tanga, aliposhikwa na maumivu ya kifua akiwa ameinua beseni la vibua, nyumba nzima ilitetemeka. Haikuwa shambulio la moyo, lakini walimkuta na lehemu (kolesteroli) mbaya, ile LDL, ya 4.6. Wakamwanzishia atovastatini na kumkataza chapati za kukaanga. Usiku huohuo akatupigia simu wadogo zake wote: "Kila mtu akapime. Sitaki kushtukizwa tena."

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutotaka kupimwa chochote. Miaka miwili kabla, baada ya kutibiwa amiba mara nne bila kupona, nilipelekwa Dar es Salaam, wakanipitisha kamera, wakakuta kolaitisi ya vidonda. Ni ugonjwa ambao kinga ya mwili wenyewe inaushambulia utumbo mpana, unavimba kwa ndani, unachubuka, unatoka damu. Nilipewa sulfasalazini, nikameza miezi saba huku nikikojoa rangi ya chungwa la Muheza, nikapata nafuu, nikaacha. Nani anaendelea kumeza dawa haumwi popote? Ndivyo nilivyojiambia.

Kaka alipopiga simu ile, ugonjwa ulikuwa umerudi wiki ya sita. Nilikuwa naenda chooni mara nane kwa siku na damu juu. Nilifundisha hesabu darasa la sita nikijua fika ni hatua 64 kutoka ubaoni hadi choo cha walimu. Hakuna aliyejua. Ugonjwa wa choo hauna heshima. Ukiwa na presha watu wanakuletea supu, ukiwa na hiki unatafuta namna ya kubadilisha mazungumzo.

Nikaenda maabara moja ya mjini, Jumatano jioni baada ya vipindi, nikachukua kifurushi: mafuta ya damu, sukari, picha nzima ya damu, ini, na vipimo viwili vya uvimbe. Ijumaa asubuhi nikafuata majibu. Nilisimama chini ya mwarobaini nje, nikafungua bahasha na kuanzia juu.

Lehemu yote, 2.9. Lehemu mbaya, 1.3.

Nilisoma mara mbili. Kaka 4.6, mimi 1.3! Kijana wa dirishani alikuwa amekwisha nipa hongera wakati ananikabidhi: "Mwalimu, mafuta yako safi kabisa, kama ya mtoto." Chini kidogo kulikuwa na lehemu nzuri, HDL, 0.8, yenye nyota pembeni. Na chini zaidi, ukurasa wa pili, nyota zilikuwa nyingi kama mchele uliomwagika. Nilikunja karatasi ukurasa wa kwanza uwe nje.

Ijumaa kwa Mama, Ngamiani, hakukosekani samaki wa kupaka. Kaka alikuwa ameshaketi mkekani, mbele yake sahani ya ugali na mchicha wa kuchemsha, sura imemjaa msiba. Mama alikuwa amemchomea kibua bila tui. Mimi nikaomba changu kiogeshwe tui, tena tui zito. Kisha nikatoa karatasi nikaisoma kwa sauti ya ubaoni. Mwalimu akisoma, watu hunyamaza. Nikasema lehemu yote, nikasema mbaya, nikaruka nzuri, nikamalizia na sukari ya asubuhi, 4.8, safi.

"Mdogo wangu umerithi damu ya Mama," kaka alisema, na nilisikia wivu wa kweli. "Mimi nimerithi ya marehemu."

Nikacheka. Nilifurahi kupita kiasi, na leo najua nilikuwa nafurahia nini: nilikuwa nimepata cheti cha kutokuumwa. Kama damu inasema mzima, basi yale ya chooni ni tumbo tu, ni maji, ni pilipili.

Sikumaliza samaki. Nyumba ya Mama ni ya Kiswahili ya zamani, ukumbi katikati na choo mwisho wa uani, ukipita jikoni. Kabla ya kahawa nilikuwa nimepita jikoni mara tatu. Mara ya tatu narudi nimeshika ukuta, Mama alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi mkononi, hakuni.

"Karatasi imesema mzima?"

"Ndiyo Mama."

"Mbona miguu yako inasema jingine?"

Hakuongeza. Jumatatu alikuja shuleni kwa bajaji, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nianze kazi, akamwomba mwalimu mkuu ruhusa yangu mwenyewe, akanipeleka kwa daktari.

Yule daktari ni mtu mzima, Msambaa, wa maneno machache. Nilimwekea karatasi mezani ukurasa wa kwanza juu. Akaigeuza. Akaanza kusoma kutoka chini, mwisho kwenda mwanzo, nami nikahisi kama mwanafunzi aliyeficha daftari.

Wingi wa damu, 8.9. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, 540, wakati mwisho wa kawaida ni kama 400 au 450. Albumini, protini inayotengenezwa na ini, 29. Ilipaswa kuwa 35 au zaidi. CRP, 48.

"Hii CRP unaijua?"

Nikasema ni ya uvimbe.

"Ini ndilo linaitengeneza, likipelekewa taarifa kwamba mahali fulani mwilini kunawaka. Kwa kawaida inakuwa chini ya 5. Watu wa moyo nao wanaitumia: chini ya 1 wanatulia, 1 hadi 3 wanaangalia, zaidi ya 3 wanakunja uso. Ikipita 10 hata hawaisomi kwa moyo. Wanakwambia kazime moto kwanza ndipo urudi."

Nilimwambia, bila kuulizwa, kwamba lehemu yangu ni nzuri. Nilisema kwa sauti ndogo lakini nilisema. Mama akanitazama.

Daktari akageuza karatasi, akaweka ncha ya kalamu kwenye 1.3. "Nyumba ikiungua, ukaenda ukapima mafuta ya taa kwenye kibatari kilichokuwa ndani, utayakuta machache. Utashukuru?"

Mama ndiye aliyejibu. "Aah, hapana."

Akanieleza taratibu, na hapa nilisahau aibu kwa sababu jambo lenyewe lilinishangaza. Uvimbe mkali unabadilisha namna mwili unavyotengeneza na kutumia mafuta. Mtu mwenye utumbo unaowaka mara nyingi lehemu yake yote hushuka, mbaya na nzuri pamoja. Ukimtazama kwa namba hizo utasema moyo wake salama. Kumbe mishipa yake inaogeshwa kila siku katika kemikali zilezile za uvimbe zinazouchubua utumbo, na damu yake ina haraka ya kuganda. Watu wa magonjwa haya, alisema, wana hatari mara mbili hadi tatu ya kuganda damu kwenye mishipa ya miguu na mapafu kuliko wengine, hasa ugonjwa ukiwa umeamka. Na moyo nao haubaki nje, hata kwa mwanamke ambaye bado kijana, hata kama hajawahi kula chapati ya kukaanga.

Kisha ncha ya kalamu ikashuka mstari mmoja. "Hii 0.8 uliiona?"

Nikanyamaza.

"Hii ndiyo lehemu inayosomba uchafu kwenye mishipa. Ina nyota. Uliiona?"

"Niliiona."

Nadhani ndilo swali gumu kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Aliinuka akanibonyeza mashavu ya miguu, kulia na kushoto, akilinganisha unene, akiuliza wapi panauma. Hapakuuma. Akaketi. Mama alikuwa ameanza kutembeza tasbihi.

Kulikuwa na namba nyingine iliyonitisha nyumbani usiku: kipimo cha sukari ya miezi mitatu, 6.2, pia na nyota. Nilikuwa nimeshajihesabia kisukari. Daktari alipoiona akatikisa kichwa, safari hii kwa wema. Mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma, alisema, chembe zake nyekundu hukaa muda mrefu katika damu bila kubadilishwa na mpya, kwa hiyo zinajikusanyia sukari zaidi, na kipimo kinapanda pasipo kisukari. Turudie damu ikipanda. Yaani karatasi ileile: iliyonifurahisha ilinidanganya, na iliyonitisha nayo ilikuwa inanidanganya. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimewafundisha watoto miaka kumi na mbili kwamba namba hazisemi uongo.

Akaniandikia prednisoloni miligramu 40, kushusha tano kila wiki, sulfasalazini tena pamoja na foliki asidi kwa sababu dawa hiyo inazuia ufyonzaji wake, na madini ya chuma. Akaniambia prednisoloni inazima moto lakini yenyewe inapandisha sukari na presha, kwa hiyo nipime vyote viwili kila wiki nisingoje kuumwa. Kuhusu mafuta akasema kitu ambacho kilinifanya nidhani sijasikia vizuri: "Ukirudi baada ya miezi mitatu, nataka nione lehemu yako imepanda."

Miezi ile siielezei sana. Uso ulivimba kama mkate wa kumimina, nilikuwa naamka saa tisa usiku nikisahihisha madaftari, wanafunzi wakaniita jina ambalo nilijifanya silijui. Wiki ya tatu damu chooni ilikoma. Wiki ya sita nilifundisha vipindi viwili mfululizo bila kutoka, na nilipokaa mezani nikagundua sijahesabu hatua.

Mwezi wa nne wa matibabu nikarudi maabara ileile. Sikufungua bahasha chini ya mwarobaini. Niliipeleka ilivyo kwa daktari. CRP, 3. Damu, 11.9. Ile sukari ya miezi mitatu imeshuka yenyewe hadi 5.5. Lehemu nzuri, 1.3. Lehemu yote imeruka kutoka 2.9 hadi 4.9, na mbaya imefika 3.0. Daktari alifurahi kama mtu aliyeona mvua. Alisema sasa ndiyo tunaweza kuanza kuzungumza habari za moyo wangu, kwa sababu sasa ndiyo namba za kwangu, si za moto. Nitembee, nipunguze tui, nisiache dawa, turudie baada ya miezi sita.

Ijumaa nikaenda kwa Mama. Kaka alikuwepo, amepungua, shati limemlegea shingoni. Nilitoa karatasi, nikaifungua kurasa zote mbili, nikaanza: "Lehemu yote..."

Akanyoosha mkono. "Leta nisome mwenyewe."

Alisoma taratibu, kidole kikishuka mstari baada ya mstari, hakuacha hata mmoja, hata ile ya ini ambayo hakuielewa. Alipofika kwenye 3.0 akainua kichwa, akatoa yake kutoka mfukoni. Kumbe alitembea nayo. 2.1.

"Nimekushinda," alisema, na akaupiga mkeka kwa kiganja mpaka vikombe vikalia.

Mama hakutazama karatasi ya yeyote. Alikuwa anapakua, mgongo umetugeukia.

"Leo umekwenda mara ngapi?"

"Mara moja, Mama. Asubuhi."

"Haya," alisema, akasukuma sahani mbili zenye kibua cha kuchoma, hakuna tui. "Kuleni."