Bushi za mbele zilikuwa zinakufa mapema kwa sababu ya namna ya kukaza

Kila nikikanyaga breki, mbele kulia kulikuwa kunagonga na usukani unavuta upande. Gari langu ni la mwaka 1998, na bushi za mbele (vipande vya mpira vinavyounganisha mkono wa gurudumu na chasisi) zilikuwa zimebadilishwa gereji miezi sita tu nyuma. Niliingiza mtaimbo kati ya wishiboni (huo mkono wa gurudumu) na chasisi, nikabinua: bushi ya nyuma ya wishiboni hiyo ikacheza, mpira umechanika kuzunguka.

Safari hii nilifanya mwenyewe uani. Jeki kwanza, kisha stendi mbili. Tafadhali usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Wishiboni ilitoka bila shida, ila boljointi (kiungo kati ya wishiboni na gurudumu) ilitaka nyundo. Bushi kuukuu niliisukuma kwa waisi (jiliwa), soketi kubwa ikiipokea upande wa pili. Mpya niliipaka maji ya sabuni, si grisi, maana mafuta hula mpira, na nikafuata upande iliokuwa imeelekea ile ya zamani.

Sasa kwenye kukaza. Bushi ya mpira haizunguki kwenye bolti; ni mpira wenyewe unaojipinda. Ukikaza gurudumu likining'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokoteka muda wote, nao huchanika upesi. Hivyo nati za bushi nilizifunga kwa mkono tu, nikarudisha gurudumu, nikashusha gari magurudumu yakae juu ya mbao nene, nikalitikisa likae sawa, ndipo nikakaza kabisa likiwa limebeba uzito wake. Kesho yake nikapima alaimenti (mwelekeo wa magurudumu).

Mwaka umepita, na nikifunga breki sisikii kitu.