Siku moja maishani mwangu: siti ya mtu mmoja na keria ya mayai

Saa 1 asubuhi. Sijafungua hata kufuli la karakana, Mzee ameshafika. Ametoka Kibaha mpaka hapa Kimara, Dar, na pikipiki yake kuukuu, Honda CG125, siti ndefu imechanika na sponji ndani imekuwa unga. Nikamwamkia, akaitika, akaenda moja kwa moja kwenye hoja: "Fundi, nitolee hii. Niwekee siti yangu peke yangu, na nyuma keria ya trei za mayai. Watu wakiona nafasi nyuma wanapunga mkono. Mimi si boda."

Nikacheka, ila nilimwelewa. Mjini hapa kila anayeleta pikipiki anataka siti irefushwe ili abiria watoshe. Huyu ni wa kwanza kutaka ifupishwe.

Saa 2. Trei yenyewe ndiyo kipimo. Nikaiweka juu ya benchi: haifiki sentimita 30 kila upande. Keria nikaipangia 31, ili trei iingie bila kucheza.

Saa 3. Kufungua. Waya hasi wa betri kwanza, halafu tenki, nikamtuma dogo, msaidizi wangu, alipeleke kivulini mbali kabisa na cheche. Alidhani halina hatari kwa kuwa halina mafuta. Nikamwambia tenki tupu ndilo la kuogopa, mvuke umejaa humo.

Siti ilipotoka nikaitazama fremu. Haina kutu ya maana. Hizi CG zilianza kutoka mwaka 1976, na Honda walizitengeneza wakijua zitaangukia mikononi mwa watu wasiobadilisha oili kwa wakati. Kamshafti, chuma kinachozunguka kufungua valvu, wakaibakiza chini, valvu zinasukumwa na vijiti, na mnyororo wa tairi wakaufunika wote kwa bati. Baadaye Wachina wakainakili injini hiyo, ndiyo maana vipuri vyake vingi bado unavipata kwa wauza vipuri vya bodaboda. Fremu ya namna hii siichomelei kitu. Keria nitaifunga kwa bolti, kwenye vichwa vya shokapu na matundu yaliyokuwa ya siti, ili siku Mzee akibadili mawazo arudishe ya zamani.

Saa 4. Mashine ya kukunjia bomba la keria sina. Nina mchanga. Unaukaanga kwenye karai mpaka ukauke kabisa, unaujaza ndani ya bomba huku unaligonga ushuke, unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Mchanga ukibaki na unyevu, mvuke utakitupa kigingi usoni kwako. Kisha unaliweka kwenye mkaa wenye feni mpaka liwe jekundu, unalizungusha taratibu kwenye rimu ya gari. Mchanga unalizuia lisibonyee kwenye kona. Kona ya kwanza ilitoka safi. Ya pili nilifanya haraka, ikakunjamana kama shingo ya mzee wa miaka tisini. Nikaikata, nikaanza upya.

Bomba nililotumia ni jeusi. Dogo alileta kipande cha bomba la maji, nikakikataa. Lile lina zinki, ukilichomelea linatoa moshi mweupe na usiku unatetemeka homa.

Saa 6. Kitako cha siti. Nikachora kwenye kadibodi, nikakata bati la milimita 2 kwa grenda, nikaliponda juu ya gunia la mchanga mpaka likapata bonde la makalio. Mbele bawaba ya geti, nyuma springi mbili nilizozitoa kwenye tandiko la baiskeli ya Phoenix. Nilijiona fundi kweli.

Saa 7. Umeme ukakatika. Nikampelekea kitako jirani yangu fundi makochi, nikala wali maharage.

Saa 9. Umeme umerudi. Nikachomelea keria kwa vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5, moto mdogo, maana bomba ni jembamba na ukizubaa linatoboka. Jirani akaleta siti: leza nyeusi, sponji ngumu, mishono miwili. Nzuri kuliko pikipiki yenyewe.

Saa 10 jioni. Mzee akapanda. *Kong!* Springi zimelala zote, kitako kimegonga fremu. Tandiko la Phoenix halikutengenezwa kwa Mzee mwenye kitambi, na hilo nilipaswa kuliona asubuhi. Nikazitoa, nikaweka raba za stebilaiza ya gari, mbili kila upande. Akapanda tena, akarukaruka, akanyamaza. Nikamkalisha dogo juu ya keria tuone shokapu zikilala kama tairi linagusa bomba. Haligusi, vidole viwili vinapita. Nikahamishia taa na kibao cha namba nyuma ya keria, trei zisivifunike.

Saa 11. Jaribio. Mzee, mwenye kuku kwake, akalazimika kununua trei ya mayai dukani. Alinung'unikia bei njia nzima. Tukaifunga kwa mpira, akazunguka mtaani, matuta yote, akapotelea upande wa barabara ya Morogoro. Rangi haijapakwa, ni praima tu, ataileta Jumamosi.

Saa 2 usiku. Simu. "Fundi, nimefika. Limepasuka moja."

"Pole, Mzee."

"La dukani hilo. Ya kwangu yasingepasuka."