Nilivyoacha kuhamahama na shamba la ufuta

Shamba letu la kwanza la ufuta lilikuwa nyuma ya nyumba, ukimwita mtoto anasikia. La nne lilikuwa mwendo wa saa mbili na nusu kwa miguu, na huko nilikuwa nalala kibandani wiki nzima, mtoto mdogo mgongoni, jembe begani. Kutoka shamba lile la kwanza hadi hili la nne palikuwa na pori la mitondoro na mininga. Sasa hivi ukisimama pale unaona mbali.

Kwetu ni Kilwa, upande wa bara. Nilipokuwa msichana ufuta ulikuwa zao la pembeni. Watu walilima mtama, mihogo na mahindi, wenye mikorosho wakauza korosho. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika barabara ikikatika ndiyo imekatika, unakaa na mzigo wako mpaka mvua iishe. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ikafuata kipande kwa kipande, malori yakaanza kutufikia. Wakaja wanunuzi na mizani zao, wakasema ufuta wetu unakwenda China na Japani. Sisi tulichojua ni kwamba debe la ufuta linalipa kuliko gunia la mahindi, na nguruwe pori hawahangaiki nalo.

Hapo ndipo tulipoanza kufyeka.

Nimekaa kwenye semina nyingi na kusikia kwamba tunakata msitu kwa sababu hatujui faida yake. Tunaijua vizuri sana. Uyoga, asali, dawa, miti ya kujengea, vyote tunavitoa huko. Tena kijiji chetu kina msitu wake wa hifadhi, kwa Sheria ya Misitu ya 2002, na kinauza mpingo kwa utaratibu. Ila fedha ya mpingo inaingia kwenye akaunti ya kijiji, ikajenge darasa. Fedha ya ufuta inaingia kwenye kanga yangu. Sijasikia semina iliyoligusa hilo.

Na kuna jambo la nyasi. Mtu ambaye hajashika jembe hawezi kulielewa, kwa hiyo nalieleza polepole. Pori likifyekwa na kuchomwa, mwaka wa kwanza udongo una majivu na magugu hayapo. Unarusha mbegu kama unalisha kuku, unapitisha palizi moja nyepesi, unasubiri kuvuna. Mwaka wa pili nyasi zinaanza. Mwaka wa tatu unapalilia mara mbili, mara tatu, na kwa kuwa mbegu zilirushwa ovyo, huwezi kuingiza jembe. Unainama unang'oa kwa vidole. Palizi hiyo inaangukia Februari na Machi, wakati huohuo mahindi na mpunga navyo vinalia. Kibarua hapatikani, na akipatikana anataja bei ya kukutisha.

Kufyeka ni kazi ya kiangazi, wanaume wana nafasi. Tena magogo yanachomwa mkaa, lori linaupitia barabarani kwenda Dar es Salaam, na pesa ile ndiyo mtaji wa shamba jipya. Kwa hesabu za mume wangu, pori jipya lilikuwa rahisi kuliko nyasi za zamani. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Kilichokosekana ndani yake ni mgongo wangu.

Mwaka 2016 tulijaribu mbaazi, maana bei ilikuwa juu na kila mtu alikuwa anazitaja. Tukapanda ekari mbili. Agosti 2017 India, ambao ndio walaji wakubwa wa mbaazi zetu, wakaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia kwao. Mimi India naijua kwenye filamu tu, lakini uamuzi ule ulinikuta uani nikipepeta. Gunia ambalo mwaka mmoja nyuma lingenunua mabati, likawa halilipi nauli ya kulifikisha mnadani. Tulizila kwa nazi mpaka watoto wakazikataa. Na kijiji kizima, kwa hasira, kikarudi kwenye ufuta kwa nguvu mpya. Kiangazi kile nilisikia mashoka kila upande. Ndipo tulipolipata hilo shamba la nne.

Nilikaa nalo msimu mmoja tu. Mtoto aliugua homa usiku kule porini, tukatembea naye gizani, tukafika zahanati kunakucha. Alipona, alhamdulillahi. Nilipomrudisha nyumbani nikamwambia mume wangu, "Baba watoto, kule mimi sirudi. Nitalima hapa nyuma ya nyumba."

Akacheka. "Pale? Pale utavuna nyasi."

Bwana shamba wetu alikuwa na kamba moja ya katani ambayo nilishawahi kuiona nikaidharau. Nikamwendea kuiazima. Kamba ina mafundo, unaivuta toka kigingi hadi kigingi, unachora mfereji mwembamba kwa ncha ya jembe, kisha unahamisha nusu mita, unachora mwingine. Mbegu ya ufuta ni ndogo, vidole haviipimi, kwa hiyo unaichanganya na mchanga mkavu kwenye kopo. Inashuka kidogokidogo. Alinipa na mbegu ya Lindi 02 iliyotoka kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara. Siku ya kwanza nilipanda robo ekari, kiuno kikaniuma kuliko nilivyojifungua. Majirani walipita wakiuliza kama napima kiwanja.

Faida niliiona wiki ya tatu. Jembe linapita katikati ya mistari bila kuua mche. Kazi iliyokuwa ya siku nne kwa vidole niliimaliza kwa siku moja na nusu. Nikapunguzia miche iliyosongamana, kitu ambacho roho ilikuwa inakataa, maana unang'oa ufuta mzima wenye afya. Kwa palizi ya pili nikaungana na kina mama wengine wanne, tukawa tunapaliliana kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Hakuna pesa iliyotoka, ni ugali na dagaa tu.

Mwaka ule wa kwanza sikumshinda. Ekari yangu moja na nusu ilitoa kilo 310, mume wangu kule porini, ekari tatu, alipata zaidi ya 600. Alifurahi mno. Nikamwomba tukae chini tuhesabu: vibarua wa kufyeka, baiskeli ya kubebea magunia iliyovunjika mara mbili, chakula cha kule, na kilo alizouza kangomba, yaani kwa mlanguzi kabla hazijavunwa, Februari kwa bei ya kutupa kwa sababu alihitaji hela ya palizi. Mimi mzigo wangu wote nilipeleka chama cha msingi cha ushirika, ukaingia stakabadhi ghalani, yaani unawekwa ghalani nawe unapewa risiti, ukauzwa mnadani. Tulipomaliza, mikononi tulikuwa tumelingana, tofauti yake ni ya kununua kiberiti. Hakusema neno. Msimu uliofuata alikuja kushika upande wa pili wa kamba.

Sisemi aliacha kabisa. Mwaka wa pili nilisikia kwa watu kwamba ana ekari moja mpya mahali. Tuligombana, yakaisha.

Mbaazi nilizirudisha pia, safari hii si kwa ajili ya bei. Nikivuna ufuta kipande hiki, msimu unaofuata kinakaa mahindi na mbaazi. Majani yake yanadondoka na kuulainisha udongo, na vijiti vyake ni kuni, siendi mbali kuzitafuta. Nina vipande vitatu sasa, navizungusha.

Kilichonitia mashaka ni mwaka 2023, ufuta ulipopanda mnadani hadi zaidi ya shilingi 3,500 kwa kilo. Nilinunua mabati ishirini, kwa hiyo sina mdomo wa kuilaumu bei. Lakini mwezi huohuo walifika vijana wenye misumeno ya moto, na matrekta ya kukodi nyuma yao, wakitafuta ardhi kwa ekari hamsini, sitini. Hao nyasi haziwasumbui, wanapuliza dawa. Kamba yangu haina la kuwaambia.

Lile shamba la nne tuliliacha. Nilikwenda mwezi uliopita kutafuta uyoga. Visiki vya mitondoro vimechipua, vingine vimenipita kimo, shina unene wa kifundo cha mkono. Kibanda kimeanguka. Nilipokuwa nageuka kurudi nilikuta mti mmoja umefungwa utepe mwekundu wa plastiki, na mbele yake mwingine, na mwingine, umenyooka kama mstari wa kamba. Jioni nilimuuliza mume wangu kama anajua ni wa nani. Akasema kuna mtu ameshamfuata mara mbili kuulizia bei.

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia nitamuuliza mama watoto."