Umesajiliwa SHA? Hiyo bado si bima

Kwenye dirisha la malipo la hospitali nyingi za Kenya siku hizi utasikia swali moja likirudiwa: "Lakini si nilishajisajili?" Aliyeuliza anasema kweli, alijisajili. Karani anayemtaka alipe pesa taslimu naye hakosei. Mmoja anaongea kuhusu usajili, mwingine kuhusu mchango, na tangu Oktoba 1, 2024, NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya uliokuwapo tangu 1966, ilipoiachia nafasi Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), hayo ni mambo mawili tofauti. Nimeona watu wengi wakiumizwa na tofauti hii kuliko na ule mchango wa asilimia 2.75 ya mapato unaozungumzwa kila mahali.

Sheria iliyounda SHA ilitiwa saini Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu iliiharamisha, na Septemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, ndiyo maana mfumo ulianza ghafla na watu wengi hawakuwa wameelezwa lolote.

Hapo zamani mfuko ulikuwa mmoja. Sasa ni mitatu, na kila mmoja una masharti yake. Wa kwanza ni wa afya ya msingi. Huu unajazwa na serikali kutoka kwenye kodi, nao hulipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na Level 3. Hapa ukisajiliwa tu unatibiwa, hata kama hujawahi kuchanga shilingi. Wa pili ndio SHIF, mfuko wa michango. Kulazwa, upasuaji, kujifungua, picha za mashine kubwa, kusafishwa damu kwa wagonjwa wa figo, yote haya yanatoka hapa, na mlango wake haufunguki bila mchango uliolipwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu, unaoingia pale kiwango cha SHIF kinapokwisha au mtu anapoletwa hospitalini akiwa hali mahututi.

Kwa hiyo mtu aliyesajiliwa anaweza kwenda zahanati ya kijijini kwao mwaka mzima, akapimwa malaria na kupewa dawa bila kulipa, akaamini kabisa kwamba ana bima. Siku appendiksi ikipasuka ndipo anajua hana.

Nianze na walioajiriwa, kwa sababu kwao hesabu ni rahisi. NHIF ilikuwa na ngazi: aliyepata chini ya shilingi 6,000 alikatwa 150, na ngazi zikapanda hadi 1,700 kwa yeyote wa mshahara wa 100,000 kwenda juu. SHIF inakata asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato, isipungue 300 kwa mwezi, na haina kikomo cha juu. Wa mshahara wa 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa 550. Wa 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Wa 50,000 alitoka 1,200 akaja 1,375. Wa 100,000 alitoka 1,700 akaja 2,750, na wa 200,000 aliyekuwa analipa hiyo hiyo 1,700 sasa anatoa 5,500. Mahali pa kugeukia ni kwenye mshahara wa kama 33,000 hivi: chini ya hapo wengi wamepunguziwa, isipokuwa wa chini ya 6,000 waliotoka 150 hadi 300; juu ya hapo umeongezewa. Mwajiri haongezi chochote chake. Kazi yake ni kukata na kuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kuna nafuu moja ambayo watu hawaioni kwenye hati ya mshahara. Tangu Desemba 27, 2024, mchango wa SHIF huondolewa kwenye mshahara kabla kodi ya mshahara (PAYE) haijapigwa. Chukua mshahara wa 60,000. Mchango ni 1,650. Kwa kuwa pesa hizo ziko kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 30, kodi yako inapungua kwa 495, kwa hiyo mzigo halisi ni 1,155. Ukikuta mhasibu wa kazini kwenu bado anatumia ule msamaha wa zamani wa asilimia 15 ya mchango, mwambie arekebishe, maana kwa mshahara huo unapoteza karibu shilingi 250 kila mwezi.

Mume na mke wakiwa wameajiriwa wote, wote wanakatwa, kila mmoja kwa mshahara wake. Wengi wamelalamika, lakini ndivyo sheria ilivyo. Mmoja akiwa ameajiriwa na mwingine anafanya biashara ndogo, huyu wa biashara anaweza kuingia kama mtegemezi wa mwenzake, mradi ameunganishwa kwenye akaunti. Nitarudi kwenye neno hilo, kuunganishwa.

Sasa wasio na mwajiri: mama mboga, fundi, mkulima, mtu wa bodaboda, kibarua wa mjengo. Hawa walikuwa wakilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi, bila kujali wanapata nini. SHIF inawataka watoe asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba nzima kwa mwaka, isipungue 3,600. Ukipiga hesabu, nyumba inayopata chini ya 10,900 hivi kwa mwezi inabaki kwenye kiwango cha chini. Inayopata kama 18,200 inalipa 6,000 kwa mwaka, sawasawa na NHIF ya zamani. Kwa hiyo kwa maskini wengi jumla imepungua. Kilichobadilika, na ambacho kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, ni kwamba pesa hizo zinatakiwa mara moja, za mwaka mzima, kabla hujaugua. Mtu anayepata 400 leo na 150 kesho anaweza kutoa 300 za mwezi. Ni wachache wenye 3,600 au 7,000 zimekaa mkononi zikimsubiri karani wa SHA.

Kabla ya kulipa kuna kupimwa uwezo. Kwa kuwa mama mboga hana hati ya mshahara, mfumo unamuuliza maswali kisha unakisia mapato yake: mko wangapi nyumbani, ukuta ni wa nini, paa ni la nini, sakafu je, maji mnachota wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo na vyombo gani. Hapa ndipo makosa yanapozaliwa, na ni vizuri kuelewa sababu. Maswali haya yanahesabu mali, hayahesabu pesa zinazoingia. Mjane anayekaa kwenye nyumba ya mawe aliyojengewa na marehemu mumewe, akiuza sukuma wiki kando ya barabara, ataonekana tajiri kwa sababu ya mawe. Kijana anayepanga chumba cha mabati na kuingiza 2,000 kwa siku kwa pikipiki ataonekana hana kitu. Mfumo hauna namna ya kuona mfuko wa aproni ya yule mama.

Usijibu kwa haraka, na usimwachie kijana wa saiba, lile duka la intaneti, akujibie huku unamsikiliza mtu mwingine. Chumba kimoja cha mabati ulichokiita "nyumba ya mawe" kwa kubonyeza vibaya kinapandisha ada ya mwaka mzima. Usidanganye pia, maana ni kosa kisheria na majibu yanabaki kwenye rekodi yako. Kiwango kikija ambacho hakifanani na maisha yenu, nenda ofisi ya SHA au Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, uombe kipitiwe kabla hujalipa. Ukishalipa, itakuwa vigumu kumshawishi mtu kwamba huwezi.

Usajili wenyewe si mgumu. Unapiga *147# kwenye simu yoyote, au unaingia kwenye tovuti ya Afya Yangu, au unamtafuta mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani kwenu, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Uwe na kitambulisho na simu yenye laini ya jina lako. Kuna pia Lipa SHA Pole Pole kwa wasioweza kutoa mkupuo: ada ya mwaka inalipwa kwa niaba yako, nawe unairudisha kidogo kidogo. Ni mkopo, kwa hiyo uliza utarudisha jumla ya shilingi ngapi kabla ya kukubali.

Kwa walio kwenye kiwango cha chini, njia ninayoiona bora ni chama, yaani kikundi cha kuchangishana pesa. Wanachama 12, kila mmoja akitoa 300 kwa mwezi, hizo ni 3,600: ada kamili ya nyumba moja. Kila mwezi nyumba moja inalipiwa mwaka mzima, na mwaka ukiisha wote wamepita. Msipige kura ya nani aanze. Aanze mwenye mimba, afuate mwenye mgonjwa wa sukari au presha, afuate mwenye watoto wadogo, na kijana mzima asiye na familia awe wa mwisho, maana wa mwisho anakaa miezi 11 bila kinga. Raundi ya pili mpangilio ubaki ule ule, ili kila nyumba ilipiwe tena mwaka wake unapokwisha.

Mjamzito namtaja kwanza kwa sababu Linda Mama, mpango wa serikali wa kuzaa bila malipo, umeondoka. Chini ya mpango ule mama alijifungua bila kuchanga. Sasa kujifungua kunalipwa na SHIF: shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, kwa mama ambaye nyumba yake imelipa. Mimba ina miezi tisa. Anza kuweka mwezi ule kliniki inapokupa kitabu, na ulipe kabla ya mwezi wa saba, kwa sababu mtoto akija mapema hatasubiri chama.

Nani anahesabiwa kuwa wa nyumba yako? Mwenzi wako, na watoto walio chini ya miaka 21. Mtoto anayesoma muda wote na asiye na kipato chake anaendelea hadi 25. Mwenye ulemavu anayekutegemea hana kikomo cha umri. Wazazi wako hawamo. Hata kama unawalisha na mnakaa boma moja, baba na mama ni nyumba nyingine yenye ada yake, na hili limewashtua wengi waliodhani wameshawalipia wazee. Walioonekana hawana uwezo kabisa hulipiwa na serikali, na msaada huo ulianza kutolewa kwa upana mwishoni mwa 2025. Asiye Mkenya anayekaa nchini zaidi ya miezi 12 naye anatakiwa kujisajili, kwa hiyo Mtanzania au Mkongomani mwenye duka Eastleigh, Nairobi, anahusika. Wa muda mfupi zaidi anapaswa kuwa na bima yake ya afya.

Mtegemezi haingii moja kwa moja eti kwa sababu tu ni mwanao. Lazima aunganishwe kwenye akaunti yako, kwa cheti cha kuzaliwa, na mwenzi kwa cheti cha ndoa au hati ya kiapo. Usidhani majina uliyokuwa nayo NHIF yote yalivuka. Kosa la kawaida ni tarehe ya kuzaliwa isiyolingana na cheti, au jina la tatu kukosekana, na mtoto anabaki "anasubiri kuthibitishwa" hadi siku anapougua.

Kuhusu kinacholipwa, jedwali la mwanzo lilitoa 3,360 kwa siku ya kulazwa Level 4 (hospitali ya kaunti ndogo), 3,920 Level 5 (ya kaunti) na 4,480 Level 6 (ya rufaa ya taifa), siku 180 kwa nyumba kwa mwaka. Kusafishwa damu kulipanda kutoka 9,500 hadi 10,650 kwa kila kikao. Saratani iliwekewa 400,000 kwa nyumba kwa mwaka, na 150,000 za nyongeza kutoka mfuko wa tatu. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo ulizia kilichopo sasa. Zingatia neno "nyumba": baba na binti wakiugua saratani mwaka mmoja, wanagawana.

Hospitali ya binafsi ikidai zaidi ya kiwango hicho, tofauti inaweza kuwa juu yako. Uliza kabla ya kupanda kitandani, si wakati wa kutoka.

Makosa mengine hutokea mlangoni. Uthibitisho ulianza kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu, kisha ukahamia alama za vidole. Mzee aliyevunja mawe miaka 30 au mama aliyefua nguo za watu ana vidole vilivyolainika, na mashine inakataa mara tatu, mara nne. Mfikishe mapema, aoshe na kukausha mikono, ajaribu kidole kingine, na mwambie karani mara moja ili aanze utaratibu mwingine, kabla zamu haijabadilika.

Aliyeajiriwa naye asitulie kwa sababu hati ya mshahara inaonyesha makato. Inaonyesha umekatwa, haionyeshi pesa zimefika. Piga *147# baada ya tarehe 9, angalia hali yako. Ikisema hujalipiwa na hati inasema umekatwa, peleka hati hiyo kwa mwajiri kwanza, kisha ofisi ya SHA, ukiwa bado mzima. Na ukiacha kazi, badilisha kundi lako kutoka mwajiriwa kuwa mtu wa kujitegemea mwezi ule ule. Utapimwa uwezo na kudaiwa mwaka mzima, kwa hiyo ukipata malipo ya mwisho kutoka kazini, toa hiyo ada kabla ya kitu kingine chochote.